Kimya Nacho Kinahesabiwa
Tafakari ya Juma la Kwanza la Majilio

Tumsifu Yesu Kristo!

Mwanafunzi anayeanza kujifunza mdundo shuleni hapati shida sana na sauti. Mwalimu akimwambia apige makofi manne kwa mwendo mmoja, anapiga. Akifundishwa kutamka "taa" kwa nota ya pigo moja, "ta-te" kwa nota mbili zinazogawana pigo moja, na "taa-aa" kwa nota inayodumu mapigo mawili, ulimi unazoea upesi na darasa zima linafurahia. Taabu inaanza siku mwalimu anapoandika ubaoni alama ya kimya. Pigo la kwanza, la pili, kimya, la nne. Mtoto anapiga mawili vizuri kabisa, halafu analidaka la nne kabla halijafika. Pale katikati hakusikia kitu, na kwake yeye kisichosikika hakipo.

Aliyekwisha kuelewa unamtambua kwa kumtazama. Likifika pigo la kimya, viganja vyake vinaachana na kufunguka hewani, au kidole cha mguu kinagusa sakafu, au midomo inatamka "tatu" bila kutoa sauti. Hakupiga, lakini pigo limepita mwilini mwake, na kwa hiyo la nne linaangukia mahali pake.

Sisi tunaoimba kwaya kwa solfa, yaani nota za herufi (d, r, m), tunaliona jambo hilihili kwenye karatasi. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Sauti ikiendelea tunaweka kistari. Sauti ikinyamaza hatuandiki chochote, nafasi inaachwa wazi. Lakini nukta zenyewe zinabaki palepale kuonyesha kwamba pigo lipo na lina urefu uleule wa mapigo yenye sauti. Asiyezijali nukta hizo ndiye anayeingia mapema na kuivuruga sauti yake yote.

Naleta habari hii juma hili kwa sababu tarehe 3 Desemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri, padre wa Shirika la Yesu (Wajesuiti), na kumbukumbu yake daima inaangukia mwanzoni mwa Majilio, kipindi cha kungojea Noeli. Wengi tunamjua kwa wingi wa watu aliowabatiza. Mimi naomba juma hili tumtazame katika nafasi zile zilizoachwa wazi.

Kwanza sauti, maana alikuwa nayo, tena kubwa. Alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Xavier, nchi ya Navarra, akasoma Paris, na huko akakutana na Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika hilo. Alipofika Goa, India, tarehe 6 Mei 1542, alilala hospitalini pamoja na wagonjwa, akawatembelea wafungwa na wenye ukoma, kisha akashika kengele na kupita nayo mitaani akiwaita watoto waje kufundishwa. Mjumbe wa Papa, msomi wa Paris, anatembea barabarani akigonga kengele! Watoto walikuja kwa mamia. Baadaye mwaka huohuo akaenda kwa wavuvi wa lulu wa pwani ya kusini mwa India. Kwa msaada wa wenyeji waliojua lugha zote mbili, Ishara ya Msalaba, Kanuni ya Imani, Amri Kumi, Baba Yetu na Salamu Maria zikawekwa katika Kitamili, naye akazikariri kichwani.

Katika barua yake ya Januari 1544 ameeleza namna alivyofundisha siku za Jumapili, na ukiisoma kwa sikio la muziki unausikia mpangilio wake. Anatamka Kanuni ya Imani kwa sauti, watu wote wanaitikia. Anarudi mwanzo peke yake, anasimama kila kipengele na kuuliza kama wanasadiki, nao wanakunja mikono kifuani na kujibu kwamba wanasadiki. Kisha kwa kila kipengele, wote pamoja wanamwomba Yesu awape neema ya kukiamini bila mashaka, halafu Baba Yetu, halafu wanamwomba Maria awapatie neema hiyo kwa Mwanawe, halafu Salamu Maria. Vipengele 12, vyote kwa mtindo huo. Wakimaliza wanaingia kwenye Amri Kumi, nazo hivyohivyo, wakiomba neema ya kuzishika. Yaani Baba Yetu mara 22 na Salamu Maria mara 22 kwa mkutano mmoja. Anayeona huko ni kurudiarudia kwa bure hajawahi kumfundisha mtoto wimbo. Watu hao hawakuwa na vitabu. Mdundo ndio uliowatunzia maneno hadi nyumbani, na watoto wakawafundisha wazazi na majirani.

Miaka michache baadaye alikaa Ternate, katika visiwa vya Maluku. Aliandika kwa furaha kwamba huko wavulana uwanjani, wasichana na akina mama majumbani, wakulima mashambani na wavuvi baharini waliimba Kanuni ya Imani, Baba Yetu na Amri za Mungu mahali pa nyimbo zao za zamani. Barua ya 1544 inasema pia kwamba mara nyingi mikono yake ilichoka kwa kubatiza na sauti ikamkauka kwa kurudia sala. Hizi ndizo kurasa tunazozipenda, na tuna haki ya kuzipenda.

Lakini rudi nyuma kidogo. Aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, akafika Goa baada ya miezi 13. Karibu nusu ya muda huo aliutumia kisiwani Msumbiji akingojea pepo za kuvukia, akiwahudumia mabaharia wagonjwa, mpaka naye akaugua. Kisha merikebu ikapita Malindi, hapa pwani yetu. Pale alimzika msafiri aliyefia chomboni, na akafarijika kuuona msalaba mkubwa wa mawe uliosimamishwa na Wareno. Hakubatiza umati Malindi. Alizika mtu mmoja, akazungumza kwa heshima na Waislamu wa mji kuhusu sala, akapanda tena merikebuni. Ukiandika taarifa ya utume ya mwaka ule utaandika nini? Tumezoea kupima utume kwa hesabu: ubatizo wangapi, vigango vingapi, kipaimara wangapi. Hesabu hizo ni halali na wahudumu wetu wanazitolea jasho. Ila hazina safu ya kuandika miezi ya Msumbiji.

Halafu Japani. Alitua Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, akiwa na wenzake wachache na Anjirō, Mjapani aliyebatizwa Goa. Mtu huyu ambaye sauti yake ilisikika pwani nzima ya wavuvi sasa hana neno. Mwezi Novemba aliwaandikia ndugu zake kwamba wako kati ya Wajapani kama sanamu: watu wanazungumza sana juu yao, nao wananyamaza kwa kuwa hawaelewi, na inawabidi wawe kama watoto wadogo wajifunze lugha. Mwanzoni mwa 1551 alitembea katika theluji hadi Kyoto akitumaini kuonana na mfalme mkuu wa nchi. Hakupokelewa. Alikaa siku chache akarudi alikotoka.

Hapa ndipo darasa la mdundo linaponisaidia. Mwimbaji aliyenyamazishwa na nota zake ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuendelea kuhesabu. Ya pili ni kusikiliza, kwa maana wakati wako wa kimya ndio wakati ambao sauti ya pili au besi inatembea, na usipoisikia hutajua uingie kwa nguvu gani. Fransisko alihesabu, yaani alisali, aliadhimisha Misa, alishika utaratibu wake iwe kuna watu au hakuna. Na alisikiliza. Alipotoka Japani mwaka 1551 alikuwa amejifunza kwa Wajapani jambo lililogeuza mwelekeo wake: walimuuliza mara kwa mara, kama dini yake ni ya kweli, mbona Wachina, ambao wao waliwategemea kwa elimu, hawaijui? Kutoka swali hilo ndiko lilikozidi kukomaa wazo la kwenda China. Angekuwa na lugha fasaha tangu siku ya kwanza, sijui kama angelisikia.

Na alisikiliza pia walio mbali. Akiwa katika visiwa vile vya mashariki, barua za Ulaya zilichukua miaka kumfikia. Alikata majina ya ndugu zake wa Shirika kutoka kwenye barua walizomwandikia kwa mikono yao, akayabeba mwilini pamoja na maneno ya nadhiri zake. Napenda sana tendo hili. Katika kwaya, ukipotea hesabu, unamtazama jirani yako midomo. Fransisko hakuwa na jirani wa kumtazama, akabeba majina.

Mwisho wa maisha yake ndio kimya kirefu kuliko vyote. Mwishoni mwa Agosti 1552 alifika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya kusini mwa China. Wageni walikatazwa kuingia nchini. Alipatana na mfanyabiashara wa Kichina amvushe kwa siri hadi Canton, mji wa bara la China, kwa malipo makubwa ya pilipili manga. Siku iliyopangwa ilifika mwezi Novemba, mtu yule hakutokea. Merikebu za Wareno ziliondoka karibu zote. Homa ikamshika, na tarehe 3 Desemba akafariki, umri miaka 46. Aliyekuwa naye ni Antonio, Mkristo wa Kichina. Bara aliliona kwa macho, hakulikanyaga.

Ndugu zangu, tusiharakishe kuirembesha habari hii kwa kusema kwamba baadaye wamisionari wengine waliingia China. Waliingia, ni kweli. Lakini yeye hakuwaona, na siku zile za Novemba alizipitia moja moja kama mtu asiyejua wimbo utaishia wapi. Kanisa halikusubiri matokeo ya China ili limtambue. Lilimtangaza mtakatifu mwaka 1622, na mwaka 1927 Papa Pio wa XI akamweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa aliyeingia monasterini Lisieux akiwa na miaka 15 na kufia humo akiwa na 24. Aliyezunguka nusu ya dunia na asiyevuka ukuta wa monasteri, wote kwa cheo kimoja.

Zaburi ya 130 inasema: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi." Mzaburi anarudia mstari uleule neno kwa neno. Mlinzi wa usiku anafanya vivyo hivyo: anahesabu, anafika mwisho, anaanza tena, na kulala kwake ni hatari kwa mji. Majilio yanatupeleka kwenye lindo hilo. Mmoja wetu anangoja majibu ya hospitali. Mwingine ameomba miaka mingi kwa ajili ya mtoto aliyeacha sakramenti. Mwingine alikuwa mwimbaji, katekista, mwalimu wa watoto, na sasa ugonjwa umemweka kitandani akihisi kwamba nafasi yake katika wimbo wa Kanisa imefutwa. Kwako wewe hasa nimeandika. Nukta zako mbili zipo palepale. Rozari unayoisali ukiwa umelala, Baba Yetu ya saa tisa usiku wakati usingizi umegoma, hayo ni mapigo kamili. Endelea kuhesabu, na uwasikilize wanaoimba sasa: wauguzi, wajukuu, vijana waliochukua mahali pako kwenye kwaya. Waombee kwa majina. Ukipenda, yaandike kwenye kikaratasi ukiweke ndani ya kitabu chako cha sala.

Kwa juma hili napendekeza zoezi dogo. Tunaposali Baba Yetu katika familia au jumuiya, tusiikimbie. Baada ya "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni" tunyamaze kwa muda wa pumzi moja, wote pamoja, kabla ya kuomba mkate wetu wa kila siku. Mara ya kwanza mtu atawahi kuingia. Tusimkemee, turudie kesho.

Na tarehe 3 tutoe fungu moja la rozari kwa ajili ya wamisionari waliotumwa mwaka huu, hasa wale ambao bado hawajui lugha ya watu wao na leo wameketi katikati yao wakisikiliza.