Seli zangu zilikufa huku naziangalia

Ijumaa jioni nilizitia seli za HeLa, yaani seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, rangi ya DNA iitwayo Hoechst 33342, mikromola 5, nikaitegesha hadubini ipige picha kila baada ya dakika 5 hadi alfajiri. Nilitaka kuziona zikigawanyika kabla sijaanza kuzijaribu na dondoo la mmea ninaoutafiti. Viini viling'aa buluu safi. Nilikwenda kulala nina furaha.

Asubuhi hakuna hata moja iliyogawanyika. Nyingi zilikuwa zimesinyaa na kutoa malengelenge, na hizi ni seli zinazojigawa takriban mara moja kwa siku. Nikashuku joto, nikashuku maji ya kukuzia.

Wiki iliyofuata niliandaa visahani vinne: bila rangi wala mwanga, mwanga peke yake, rangi peke yake gizani, na vyote viwili. Kile cha rangi gizani kilijigawa kwa kusuasua. Kile cha vyote viwili kilikufa.

Hoechst hupenya seli hai na kujibana kwenye mfereji mwembamba wa DNA, hasa penye A na T nyingi, mbili kati ya herufi nne za DNA. Ili ing'ae huhitaji mwanga wa urujuanimno, kama nanomita 350, ambao wenyewe tayari ni hatari. Nilikuwa nimekusanya mwanga huo palepale kwenye DNA, mara mia na zaidi kwa usiku mmoja. Na hata gizani rangi hii huizuia topoisomerasi I, kimeng'enya kinachoilegeza DNA iliyojisokota.

Kinachoniuma ni kwamba haya niliyaona utotoni. Kule Handeni baba aliyeyusha vidonge vya homidiamu katika maji ya moto, akawachoma sindano ng'ombe walioumwa na ndorobo, na nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo hao, ikatulia. Homidiamu ndiyo ethidiamu bromidi, rangi ya DNA ileile tunayoishika kwa glavu maabara. Hujichomeka kati ya vipago vya DNA, na vimelea vya nagana hushindwa kuizalisha DNA yao ya kinetoplasti, ile iliyo nje ya kiini, ndani ya mitokondria. Rangi na dawa ni kitu kimoja.

Sasa natumia SiR-Hoechst, iliyotangazwa 2015, inayoamshwa na mwanga mwekundu. Hata hiyo huichokoza DNA, hata chini ya mikromola 1, kwa hiyo naiweka kidogo iwezekanavyo, picha kila dakika 20, na kisahani kisicho na rangi hakiondoki pembeni. Ningelitia dondoo langu Ijumaa ile, leo ningekuwa nawaandikia kwamba linazuia seli za saratani kugawanyika.