Za Asubuhi Kwanza

Grupu letu la WhatsApp lina sheria nyingi, kaziandika katibu, na sijui kama kuna mtu amewahi kuzimaliza kuzisoma. Inayofuatwa ni moja: kabla ya saa mbili asubuhi ni salamu tu. Michango, Simba na Yanga, siasa, matangazo ya kuku wa kienyeji na viwanja vya Boma Ng'ombe, vyote vinasubiri. Sisi ni watu tuliosoma shule moja ya msingi hapa Moshi mjini na kumaliza darasa la saba pamoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Wengine tumebaki hapahapa, wengine wako Dar, Mwanza, Arusha, mmoja yuko Muscat, mmoja Marekani.

Kuna anayefungua kwa "Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleikum", zote tatu kwa mpigo, kama mgeni rasmi aliyeshika maiki. Kuna wa "Shimbonyi", salamu ya Kichaga, na wanaomjibu "Shicha" ni pamoja na Mpare na Msambaa. Kuna mwenzetu aliyetuzidi miezi michache tu, basi kila siku anaandika "Marahaba wanangu" kabla hajaamkiwa na yeyote. Wa Marekani anatutakia asubuhi njema kisha anakwenda kulala, maana kwake ndiyo usiku. Halafu wapo wa picha: kikombe cha chai kinachofuka moshi, mstari wa Zaburi, na lile waridi lenye matone ya umande ambalo nadhani limeshafika kila simu ya nchi hii. Mume wangu anasema tunamaliza bando kwa upuuzi. Simjibu, maana yeye bando lake linaishia kwenye video za watu wanaoanguka.

Kazi yangu mle ndani ni mlima, Kilimanjaro. Naishi Pasua, na uani kwetu hakuna ghorofa lililoziba upande wa kaskazini. Naamka alfajiri kwa sababu nina mgahawa wa chai na supu karibu na stendi, na kabla ya kutoka napiga picha. Wa Muscat ndiye anayeuliza siku zote, kwa kuwa saa za huko zimetutangulia kwa moja: "Mlima umeamkaje?" Naposti picha, kilele cha Kibo kushoto, cha Mawenzi kulia, au naandika tu "umejifunika". Siku mlima ukitoka, lazima uuwahi, maana kufika saa tatu mawingu yameshauficha tena. Watu wa mbali wanaipokea ile picha kwa namna ambayo sisi tunaoishi chini yake hatuielewi vizuri. Wa Mwanza aliniambia kwamba asipoiona anahisi hajanawa uso.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 jioni, nilikuwa naanua nguo nikaona upande wa kulia, chini ya Mawenzi, kuna moshi mzito umelala ubavuni mwa mlima. Sikuutilia maanani sana. Kiangazi watu huchoma mashamba. Giza lilipoingia ndipo tukatoka wote, mtaa mzima, maana kulikuwa na mstari mwekundu kule juu, mrefu, unaonekana kwa macho, na ulikuwa unatembea. Mtoto wa jirani aliuliza kama mlima umelipuka, na hakuna mtu mzima aliyemkatalia haraka. Nilijaribu kupiga picha nikapata giza lenye nukta moja nyekundu.

Asubuhi ya Jumatatu wa Muscat akauliza kama kawaida: "Mlima umeamkaje?" Alikuwa hajui. Nilikaa na simu mkononi, chai ya mgahawa inanichelewa, nikaona hakuna maneno. Nikaposti picha ilivyo: kulia hakuna mteremko, kuna ukuta wa moshi wa kijivu unaoelekea magharibi. Kisha nikaandika, "Unaungua."

Siku ile hakuna aliyeikumbuka saa mbili. Habari zilikuja vipande vipande. Moto ulikuwa umeanzia Whona, mahali wanapopumzika wapandaji kwenye njia ya Marangu, kati ya kambi ya Mandara iliyo mita 2,720 na ya Horombo iliyo mita 3,720. Upepo ulikuwa mkali na majani makavu. Kule juu ya msitu kuna vichaka vikavu vinavyoshika moto upesi, na gari la zimamoto halifiki. Anayefika ni mtu kwa miguu, na silaha yake ni koleo, panga na matawi mabichi. Walipanda askari wa hifadhi, wanakijiji na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Wa Dar walikuwa wanauliza habari za wageni wa kitalii, sisi wa huku tunauliza maji, maana mifongo, yaani mifereji, inayomwagilia migomba ya wazee wetu inaanzia kwenye msitu huohuo.

Kisha mtu mmoja akauliza: mgumu wetu yuko njia gani?

Wagumu ndio wapagazi wa mlimani, na mle kwenye grupu tunaye mmoja. Mwaka ule ulikuwa umemkaba vibaya. Korona ilifukuza wageni, yeye akashinda miezi akibeba mizigo sokoni Mbuyuni, na safari hii ndiyo iliyokuwa imemfurahisha kupita kiasi. Aliaga grupu zima kwa herufi kubwa: "NAPANDA MACHAME, TUOMBEANE." Machame ni upande mwingine kabisa, mbali na moto, na wanaopandia huko hushukia Mweka. Tuliojua hivyo tuliandika hivyo. Haikuwatuliza wasioujua mlima.

Taarifa ya awali ya hifadhi ilipotoka ilisema inasadikiwa moto ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha wageni chakula. Jumanne, hata saa kumi na mbili haijagonga, mwenzetu mmoja mwenye duka la viatu Kariakoo akaandika. Siandiki yote aliyoandika. Lilianza na "Hawa wagumu" likaishia na "wametuchomea urithi kwa ajili ya wali". Katikati yake kulikuwa na "kama huyo wa humu". Lakini kilichonishtua mimi ni mwanzo wake. Hakusalimu. Hakuweka hata ule mkono wa kupunga. Aliingia tu na kuanza, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya watu kwa teke.

Nikajua sasa ndiyo vita. Grupu nimeshaziona nyingi zikifa, ya ukoo wetu mojawapo, na kifo chake huwa kinaanza hivi: mmoja anatupa jiwe, wawili wanajibu, mmoja anaandika "kwa nini hatuongei ukweli?", na jioni unaona fulani ametoka, fulani ametoka, fulani ametoka. Nilianza kuandika jibu. Lilikuwa refu na lilikuwa kali, na nilikuwa na haki.

Kabla sijalituma, akatokea mwenzetu mmoja ambaye sasa ni mwalimu, mtu mpole ambaye siku nzima haandiki zaidi ya neno moja. Akaandika: "Za asubuhi kwanza"

Basi. Hakuweka hata nukta.

Dakika haikupita, wa Mwanza akaandika "Za asubuhi." Yule wa marahaba naye: "Marahaba wanangu, za asubuhi." Wa Muscat akaweka waridi. Mpare wetu akaweka "Shimbonyi", na zikafuata Shicha tano, sita. Mimi nikalifuta jibu langu nikaandika "Za asubuhi jamani." Wakaja hata wale ambao mwaka mzima wamekaa kimya wakisoma tu, watu tuliokuwa tumeshasahau kwamba wamo. Vikombe vya chai, Zaburi, jua linachomoza, mtoto mchanga anayepiga miayo. Hakuna aliyemjibu wa Kariakoo, hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemtaja. Ule ujumbe wake ulipanda juu ya kioo, ukapanda, ukatoweka, na ili uusome tena ilibidi ufukue salamu zote zile. Nilisimama pale uani nikicheka peke yangu, na moshi uko juu palepale.

Wa Kariakoo akanyamaza. Siku ile, na zilizofuata.

Mgumu wetu alishuka Mweka. Simu yake iliposhika mtandao ilijaa hadi ikazima. Alipoiwasha, akasoma kila kitu kuanzia mwanzo, na hilo lazima lilihitaji macho na moyo pia. Kisha saa tisa alasiri tukapokea voisi. Sauti imekauka kwa baridi, nyuma yake kuna watu wanagombania nafasi kwenye gari. "Asubuhi njema wote," alisema, "najua jua limeshapinda, lakini mimi ndiyo nimefika kwenye asubuhi yenu." Akasema yuko salama, moto aliuona usiku kutoka juu, ng'ambo ile. Akasema wakati wao wanashuka walipishana na vijana wa chuo wanapanda kwenda kuzima, wengine wamevaa raba za kawaida. Habari ya Kariakoo hakuigusa. Akaomba kama kuna mwenye uwezo, maji na mikate vinahitajika Marangu kwa wanaozima. Tukachangishana. Mimi nilitoa maandazi ya siku mbili, katibu akapata gari.

Moto ulichukua zaidi ya wiki. Ulikuwa unazimwa hapa unaibuka kule, kwa kuwa chini ya yale majani kuna mizizi inayoshika moto bila kuonekana. Hifadhi ilipokuja kupiga hesabu, zilikuwa zimeungua kama kilomita za mraba 95. Kila asubuhi wa Muscat aliuliza, nami niliposti, na kila picha moshi ukapungua upana.

Ikaja wiki ya uchaguzi. Siku ya kuamkia tarehe 28 Oktoba WhatsApp ikagoma. Vijana waliweka VPN ya kuzunguka kizuizi, ikawakubali na kuwakataa. Sisi wa makamo tukakaa tunautazama ule mduara unaozunguka. Asubuhi ile niliona upungufu ambao nisingependa mume wangu aujue. Nilikuwa na picha ya Kibo safi kabisa na sina pa kuipeleka.

Ndipo meseji za kawaida zikaanza kuingia. Mwalimu alinitumia "Za asubuhi." Wa Mwanza naye. Nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja, na hapo nikatambua kitu: kwenye grupu unatupa salamu moja inawaangukia wote, unaowapenda na usiowapenda. Kwa meseji inabidi ulichague jina la mtu, ulibonyeze. Kila jina unaloliruka, wewe mwenyewe unajua umeliruka.

Mgumu wetu alikuwa mgahawani kwangu siku hiyo, kwenye benchi la ukutani, anakunywa supu. Ngozi ya pua ilikuwa imebabuka, midomo imepasuka, na kucha ya kidole gumba cha mguu imekuwa nyeusi. Alikuwa amevua kiatu ili kipate hewa, na kiatu chenyewe soli ilikuwa imeachia mbele. Simu yake, kitochi cha zamani anachokitumia akiogopa chaji ya ile kubwa, ikalia. Akaisoma. Akaiweka mezani kifudifudi. Akala nyama yote kwenye bakuli, akatafuna hadi gegedu, kisha akaichukua akanionyesha.

Ilikuwa ya Kariakoo. "Za asubuhi mangi." Hakukuwa na kingine.

"Utamjibu?" nikamuuliza.

"Dada, niongezee supu."

Nikamwongezea. Nilipogeuka kutoka jikoni alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, midomo inatamka kila herufi. Akatuma, akacheka kidogo, akanisomea: "Nzuri mangi. Buti za mtumba namba 43 hapo kwako bei gani?"

Jibu lilikuja kabla ndimu haijakamuliwa. Elfu sitini. Mgumu akaandika thelathini. Kariakoo akasema hizo si za mtumba wa kawaida, ni za Ulaya, mtu anapandia hadi kilele cha Uhuru bila soksi. Mgumu akasema yeye Uhuru anaijua, aliyeko Kariakoo anaijua kwenye kalenda. Wakaendelea hivyo, meseji baada ya meseji, wateja wangu wengine wameacha kula wanasikiliza, hadi wakakubaliana arobaini na tano.

Halafu ikaingia moja ya mwisho, na mgumu akaisoma mara mbili kwa sauti ili kila mtu asikie huo uonevu: nauli ya mzigo kwenye basi ni juu yake.