Mvua tuliyoiomba ilikuta tofali zetu nje

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naandika nikiwa hapa Kibirizi, mwaloni Kigoma, nimekaa pembeni ya mtumbwi wa mtu, mwezi umejaa mpaka unaona nyavu vizuri bila tochi. Wenzetu mnaosoma mkiwa Tabora au Kasulu huko huenda hamjui, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, taa ndio inawavuta wanajikusanya chini yake, sasa mwezi ukiwaka hivi mwanga unatapakaa ziwa zima na taa inakuwa haina kazi, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa watu hawaingii ziwani. Mgeni akifika siku hizi anaweza kusema wavuvi wa Kigoma wavivu, mbona wamekaa tu. Hawajakaa. Huyu anashona wavu, yule anaziba mtumbwi unaovuja, mwingine kafungua mashine yote kaitandaza kwenye turubai, na kuna kijana pale anajaribu taa moja moja. Giza likirudi hakuna atakayepata nafasi ya kushona wavu katikati ya ziwa dagaa wakiwa ndani.

Nimewaangalia jioni hii nikamkumbuka Nehemia, yule wa kwenye Biblia aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu, na nikakumbuka jambo moja ambalo kwa kweli limenichukua muda mrefu kulisema mbele za watu.

Mwaka ule nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu. Tulitangaza Jumapili, vigelegele, sadaka ikatolewa pale pale, mama mmoja hakuwa na hela akaenda nyumbani akarudi na jogoo. Ilikuwa mwezi wa tisa. Wiki iliyofuata vijana wakaanza kufyatua tofali na kwa nguvu waliyokuwa nayo zikafika 4,000 na kitu, zimepangwa vizuri, kila anayepita anasifia, na mimi nikawa napiga picha natuma kwenye grupu. Hakuna aliyeuliza kuni za tanuru zinatoka wapi na zinafika lini. Mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza. Nilikuwa nasema Bwana atatupa, nasema kwa moyo kabisa, na watu wanaitika amina. Mwezi wa kumi ukaingia, na huku kwetu kuanzia hapo mvua ya kwanza inaweza kushuka siku yoyote, wakulima wa kanisa wote walishatayarisha mashamba wanangojea, kwa hiyo Ijumaa moja tukafanya mkesha wa kuombea mvua. Nilikuwepo. Niliomba kwa sauti. Tofali ziko nje, mbichi, hazijafunikwa hata na nyasi.

Mungu akajibu. Jumatatu alfajiri ilishuka mvua ambayo haikusimama mpaka saa nne asubuhi, na nilipofika saiti nilikuta udongo umerudi kuwa udongo. Yule mama wa jogoo alikuja akasimama karibu yangu, hakusema neno, akainama akaanza kuokota vile vipande vilivyobaki vizima anaviweka pembeni. Nilitamani angenigombeza.

Kwa siku kadhaa nikawa najiambia adui ameingilia kazi ya Mungu. Wapendwa, tuseme ukweli. Mvua ile tuliiomba wenyewe, tukafunga kwa ajili yake, na ilikuwa baraka kwa kila mwenye shamba. Kilichoharibu tofali ni mimi kutofanya hesabu ya wiki sita.

Ndio maana siku hizi nikisoma Nehemia naisoma polepole. Zamani nilikuwa naruka. Sura ya kwanza habari zinamfikia kule Shushani, ikulu ya mfalme wa Uajemi, kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketea, analia, anafunga, anaomba, hiyo ni mwezi wa Kisleu wa Kiyahudi. Sura ya pili anasimama mbele ya mfalme Artashasta, hiyo ni mwezi wa Nisani. Katikati hapo kuna miezi kama minne! Biblia haituambii kila alichofanya, lakini majibu yake kwa mfalme yanatuonyesha. Mfalme anamuuliza unataka nini, Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni hapo hapo, sala ya kufumba na kufumbua, halafu anajibu. Mfalme anauliza tena, safari yako itachukua muda gani na utarudi lini? Naye akamtajia muda. Hakusema Bwana ataongoza, mfalme, tutaona mbele ya safari. Alikuwa na tarehe. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati ili wampitishe, akaomba na barua nyingine kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme ampe miti, na akataja miti ni ya nini, malango ya ngome, ukuta wa mji, na nyumba atakayokaa yeye mwenyewe.

Hapo kwa Asafu ndipo huwa nasimama. Nehemia kazi yake ni mnyweshaji wa mfalme, anashika kikombe ikulu, jina la mtunza msitu kalijuaje? Aliuliza. Katika miezi ile minne kuna mahali alikuwa anauliza uliza, mbao zinatolewa na nani, njiani kuna wakubwa gani, mtu wa kwetu akipita bila barua inakuwaje. Na mambo hayo aliyafanya yule yule aliyekuwa anafunga na kulia, machozi hayakumzuia kuuliza na kuuliza hakukumkausha machozi. Mimi nilikuwa nadhani hayo ni mambo ya watu wawili tofauti, wa rohoni na wa bajeti, kumbe Mungu aliyatafuta yote kwa mtu mmoja.

Sisi wa Kigoma tungepaswa kulielewa hili upesi maana tunaishi mbali na kila duka kubwa. Ile meli yetu ya Liemba mnajua ilifikaje hapa? Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikawekwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam halafu kwa treni, na reli yenyewe ndio kwanza ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ndipo ikaunganishwa huku na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wenyewe walikuwa na mambo yao ya ukoloni na vita, siwasifii kwa hilo. Ila nawaza aliyekuwa anaandika orodha ya masanduku. Akisahau boliti fulani, ya kuifuata iko Ulaya. Nehemia alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita elfu moja mbele yake, na kile ambacho hakukiomba Shushani asingerudi kukifuata.

Halafu anafika Yerusalemu na hatangazi kitu. Anakaa siku tatu. Anaamka usiku na watu wachache, mnyama mmoja tu aliyempanda yeye, anatokea lango la bondeni, anazunguka anaangalia ukuta, mahali pengine kifusi kimejaa mpaka mnyama hana pa kupita. Wakuu wa mji hawajui alikokwenda. Nikilinganisha na mimi, mimi nilianza na vigelegele. Na viongozi wengi tuko hivyo, tunapenda siku ya uzinduzi, kitambaa, picha, mgeni rasmi, tukishapigiwa makofi moyo unatulia kana kwamba kazi imeisha. Nehemia alitaka kuona kwa macho yake kabla ya maneno ya watu, asije akawaambia wenzake jambo ambalo hajalipima. Ndio maana aliposimama kusema njoni tujenge, walimwamini, wakaitia mikono yao nguvu.

Sura ya tatu wengi tunaiona ngumu, majina majina tu. Isomeni tena wiki hii tafadhali. Ni ratiba ya kazi ile! Fulani anajenga kutoka hapa mpaka pale, pembeni yake fulani, wengi wao mbele ya nyumba zao wenyewe, na ukijenga mbele ya nyumba yako huwezi kulipua kazi maana adui akipita hapo anaingia kwako. Kuna mfua dhahabu, kuna mtengeneza marhamu, kuna Shalumu na binti zake. Wakuu wa Watekoi, watu wa mji wa Tekoa, walikataa kuinama kufanya kazi, Nehemia kaliandika hilo mstari mmoja akaendelea, hakusimamisha ujenzi kugombana nao, na Watekoi wa kawaida wakamaliza sehemu yao wakachukua na nyingine. Maadui walipopanga kuja kupigana, mstari unasema waliomba kwa Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Ukuta ukaisha siku 52.

Najua kuna mpendwa atasema mbona Bwana alisema msisumbukie ya kesho. Alisema kweli. Lakini huyo huyo katika Luka 14 anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asikae kwanza akahesabu gharama, na siku ya mikate mitano na samaki wawili alianza kwa kuwaketisha watu kwenye nyasi, mia mia na hamsini hamsini, ndipo akatazama juu mbinguni akabariki. Muujiza ulikuwa unakuja, ila bado aliwapanga. Na baada ya kushiba akaagiza vipande viokotwe, vikapu kumi na viwili. Kusumbuka ni kulala macho unaogopa, kupanga ni kuwafikiria watu kabla hawajapata njaa.

Hilo la njaa linaniuma pia. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane, ili samaki wapate kuzaliana, tarehe tuliijua mapema. Kanisani tunao wachukuzi, waanika dagaa, mama ntilie wa mwaloni, watu ambao ziwa likifungwa jiko linazimika wiki hiyo hiyo. Tungeweza kuanza kuweka akiba kidogo kidogo tangu Januari, Yusufu kule Misri aliweka sehemu ya tano kila mwaka wa shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Sisi kapu la kusaidiana tulilipitisha mwezi wa sita, watu wameshaanza kukopa. Hatukuwa na moyo mbaya. Tulichelewa tu, na aliyelala njaa hakushibishwa na moyo wetu mzuri.

Kuhusu tofali, mwaka uliofuata tuliomba wiki mbili kabla ya kutangaza chochote. Mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kuchoma tanuru alitukalisha chini akatuambia kufyatua mwezi wa sita, kuni ziwe zimefika kabla tofali hazijakauka, kuchoma mwezi wa nane. Tukagawa, watu wa Gungu kuni, Mwanga maji, Buzebazeba kufyatua, Katubuka chakula cha vijana, na kila kundi lina mtu mmoja anayetoa ripoti Jumamosi. Yule mama nikamwomba msamaha mbele ya kamati, na yeye ndiye tukampa daftari la vifaa, na hakuna kipande cha kuni kilichopita bila kuandikwa. Mkesha wa kuombea mvua tuliufanya tena mwezi wa kumi kama kawaida. Safari hii kuta zilikuwa zimefika kwenye renta, tofali zimeiva.

Sasa bado bati. Tusitangaze Jumapili hii. Naombeni wiki hii kila mmoja aombe asubuhi kabla ya kutoka, na asome Nehemia 1 mpaka 4 akiandika kila alichouliza, kila alichoomba na kila aliyempa kazi. Alhamisi saa kumi jioni kamati tukutane pale pale kwenye jengo, sio ofisini, tupande tupime wenyewe kila upande kabla ya kwenda kuuliza bei. Mwenye tepu ndefu aje nayo, ile yetu inaishia mita tano.