Gunia moja la korosho, skripti na katuni

Mwandishi wa kujitegemea aliyezoea skripti za filamu, akiingia kwenye hadithi za katuni, hukwama kwanza kwenye vitenzi. Chukua sini hii ya ghala la korosho, Masasi:

"Mzee anatua gunia kwenye mizani, anatazama mshale unavyopanda, anakunja uso, anamgeukia karani."

Kwa mwongozaji wa filamu hapo pametosha. Mpe mchoraji maneno hayohayo, atakurudishia. Kisanduku cha katuni hubeba tendo moja lililoganda. Mzee hawezi kutua gunia na kugeuka humohumo. Basi vinakuwa vinne: gunia linagusa mizani, mshale kwa karibu, uso wa mzee, karani akionekana nyuma ya bega lake. Cha tatu ni cha kukata. Mshale ukichorwa vizuri, msomaji atakunja uso mwenyewe.

Ukurasa wa skripti huhesabiwa kama dakika moja ya filamu, hivyo kurasa 90 ni saa moja na nusu. Ukurasa wa katuni hubeba visanduku 5 au 6. Ukivifikisha 9, nyuso zinabaki kama punje za ufuta. Kiputo cha maneno, kanuni ya wengi ni maneno yasiyozidi 25, ila kwa Kiswahili bora uishie 15. "Hatukumuuzia" ni neno moja lenye herufi 12, na kwenye kiputo chembamba linakula mstari mzima.

Kurasa shufwa (2, 4, 6, 8) ziko kushoto, kwa hiyo siri iwekwe huko, msomaji aikute akifunua. Mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa magendo, abishe hodi usiku chini ya ukurasa wa 7. Sura yake ionekane wa 8. Ukiiweka wa 7, jicho limeshaiona tangu msomaji alipofunua wa 6.

Gharama nazo hugeuka. Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa hiyo iko Berlin hadi leo. Dinosaria anayetembea atamfilisi prodyuza wa huku, lakini kwenye katuni ni wino tu, sawa na mkorosho. Umati wa mnada ni kinyume chake: kijijini watu watakuja wenyewe kuona kamera, ila mchoraji atakesha akichora vichwa sitini. Kwa hiyo umati mpe mara moja, kisanduku kikubwa, halafu baki na nyuso tatu.

Malipo: skripti hulipwa kwa awamu, katuni afadhali kwa ukurasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo, inalinda kilichoandikwa, kwa hiyo usisimulie hadithi nzima kijiweni kabla hujaiandika. Mkataba wa katuni useme wazi kwamba haki ya kuifanya filamu inabaki kwako. Na marekebisho yahesabiwe humo humo: mawili ni ndani ya bei, la tatu linalipiwa.