Gari la chini kwenye barabara ya Amani

Leo nimepanda Amani, kwenye milima ya Usambara, kutoka Muheza na Toyota 86 yangu, gari dogo la michezo. Tumbo lake liko kama sentimita 13 tu kutoka ardhini, na masika yamechimba mifereji katikati ya njia. Tairi nazipitisha juu ya tuta. Kwenye shimo naingia kwa mshazari, tairi moja moja. Penye utelezi wa udongo mwekundu vijana wa bodaboda walishuka wakanisukuma, wala hawakutaka hela ya soda. Mungu awabariki sana!

Ndugu wananiambia niuze. Siuzi. Nimeidunduliza miaka sita, na ikinguruma kwenye lami ya kwenda Segera, roho yangu inatulia. Natafuta fundi wa kunifungia bamba la chuma chini ya injini. Anayemjua aniambie.