Unauza nyumba Mwanza? Mpangie shangazi

Jamani hii biashara ya kupaka rangi na kupanga vitu ndani ya nyumba ivutie kabla ya kuuza imeshaingia Mwanza na mimi ni mmoja wa wanaoifanya, nilikuwa nauza mapazia tu, madalali wakaanza kuniita "njoo utuwekee hata kochi mbili tupige picha", na saivi hizo kochi mbili zinalipa kuliko mapazia yenyewe. Ila naona watu wanachukua mambo ya YouTube mazima mazima af wanalalamika hela imepotea. Rangi haina kosa. Wanampangia mtu ambaye hata haji kuiona nyumba!

Hebu fikiria nyumba ya Buswelu, Kiseke, Nyegezi, au hata kule Capri Point inavyouzwa siku hizi. Mwenye hela yuko Dar, au yuko Geita kwenye dhahabu, au yuko zake Ulaya anapiga shifti, anaona picha kwenye WhatsApp, anapenda, af anampigia shangazi yake anayekaa Igoma: "Shangazi shikamoo, naomba ukaniangalizie nyumba." Shangazi anakuja na kijana mmoja fundi ambaye haongei kitu, anagonga gonga ukuta tu. Picha ikishamleta shangazi getini kazi yake imeisha.

Wenzetu Marekani ndio wameifanya hii kuwa taaluma kamili, anayetajwa kuianzisha ni mama mmoja wa Seattle, Barb Schwarz, alikuwa anauza nyumba na akaanza kuzipanga mwaka 1972. Chama cha madalali wa kule, NAR, kilitoa utafiti 2023 na 81% ya madalali wanaosimamia wanunuzi walisema nyumba iliyopangwa inamrahisishia mteja kujiona anaishi pale. Sawa, sikatai. Ila kule mnunuzi anaingia mwenyewe na moyo wake, ukaguzi wa ukuta na paa anamwachia mtu wa kulipwa. Huku shangazi ndio mkaguzi, ndio mshauri, na ndio atakayelaumiwa kwenye kikao cha ukoo mambo yakiharibika, kwa hiyo haji kupenda nyumba, anakuja kutafuta kasoro. Kuna ile taarifa ya 2018 ya Zillow, mtandao wa matangazo ya nyumba wa huko Marekani, kwamba nyumba yenye mlango wa mbele mweusi inauzwa bei ya juu zaidi, mteja wangu mmoja akaishikia bango. Nikamwambia bwana, mlango wako ni mninga, ukiupaka nyeusi shangazi atauliza ni mbao gani hiyo unaificha. Pigeni vanishi.

Sasa rangi. Mwanza ni mji wa miamba na miteremko, mvua ikinyesha maji yanashuka toka juu na yanatafuta njia, na njia yenyewe mara nyingi ni ukuta wako wa nyuma ule ulioegemea mlima. Ndio maana nyumba nzuri kabisa unakuta chumba cha nyuma rangi inabanduka kuanzia chini, kuna unga unga mweupe kama chumvi, plasta inavimba. Watu wanafanya nini? Wanapiga rangi ya mafuta nusu ukuta, inang'aa, picha inatoka safi. Maji yako palepale yanasukuma, rangi ya mafuta haipumui, baada ya muda inatoa malengelenge. Na yule kijana wa shangazi anajua, ndio kitu cha kwanza anakishika. Tena kama vyumba vyote vina rangi ya maji na kimoja tu kina ya mafuta umeshamwonyesha pa kugonga.

Cha kufanya ni kuanza nje: mfereji nyuma ya nyumba, mteremko wa maji, gata na bomba la paa linalovuja, af ndani unabandua plasta iliyooza mpaka kwenye tofali, unaacha pakauke, unapiga plasta upya. Na hapa ndio watu wanakosa uvumilivu kabisa, plasta mpya ya saruji inatakiwa ikae kama siku 28 kabla ya rangi kwa sababu bado ina unyevu na ukali wa saruji unaokula rangi. Dalali atakusumbua kuna mteja anakuja jumamosi. Mwache aje, muonyeshe ukuta ulio wazi na umwambie unatengeneza nini. Mimi nimeshaona shangazi anasimama mbele ya plasta mbichi anatikisa kichwa ameridhika, kitu ambacho hafanyi mbele ya ukuta uliopakwa jana, maana rangi mbichi inanuka na kila mtu anajua ya nini.

Hesabu ya ndoo fanya mwenyewe usimwachie fundi. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye ukuta wa mita 3 kwenda juu, ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 45, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili) inakuwa 90. Lita moja ya rangi ya maji iliyo nzuri inapiga mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo sebule inakula kama lita 9, ndoo ya lita 20 inakutosha sebule na masta. Ukuta mpya au wenye vumbi unakunywa zaidi, ndio kazi ya andakoti hiyo, ile rangi ya chini inayotangulia. Fundi akimaliza nyumba nzima kwa ndoo moja jua umepakwa maji. Rangi yenyewe chagua krimu au kijivu cha mbali, ile nyeupe pe ya hospitali usipeleke nje kama uko karibu na ziwa.

Kwa nini? Wale wadudu wa ziwani. Aliyekaa Bwiru au Luchelele anawajua, yale mawingu yanayopanda toka majini kama moshi, hasa mwezi ukiwa mwandamo, wanafuata taa, wanajazana ukutani, af buibui nao wanawafuata wadudu, asubuhi ukuta mweupe una madoa na utando kila kona. Rangi ya nje pigeni asubuhi ikauke kabla ya jioni, taa za nje zimeni, la sivyo utauza nyumba yenye wadudu ndani ya rangi. Miezi ya kiangazi, sita mpaka nane, ndio mizuri zaidi. Na nyavu za madirisha toeni mzioshe kwa brashi na sabuni, hii haigharimu kitu na inaongeza mwanga ndani kuliko balbu yoyote, watu wanapaka sebule nzima rangi mpya huku nyavu zimejaa vumbi na mbawa za wadudu wa mwaka juzi.

Kupanga sasa, kazi yangu yenyewe. Kwa picha: punguza. Kabati kubwa la vyombo linaloziba nusu ya ukuta litoke, kalenda za benki zitoke, picha za mahafali na harusi zitoke (ugomvi mkubwa uko hapa, wamama hawataki), vitambaa vya makochi vyote vitoke. Kochi isogezwe kidogo kutoka ukutani, pazia lining'inie toka karibu na dari sio juu ya dirisha, chumba kinaonekana kirefu. Chumba kitupu kabisa usikiache, mtu akiona chumba kitupu kwenye picha hajui kitanda kitaenea au hakienei, weka hata kitanda cha kukodi cha 5 kwa 6 na shuka moja safi. Ila usilete makochi ya dhahabu kwenye nyumba ya vyumba viwili Buhongwa, shangazi atakaa kwenye kochi, ataangalia huku na huku, na atajiuliza wenye nyumba wanaweza kununua hivi kwa nini wanauza.

Kwa shangazi mwenyewe kuna mambo mengine kabisa. Atafungua bomba, kwa hiyo kama maji ya mgao siku hiyo hayapo simtanki iwe imejaa. Atavuta maji chooni. Ataingia jikoni, na naomba sana msikaange dagaa siku hiyo, wala msipulize pafyumu ya chumba, mtu akisikia pafyumu kali anaanza kunusa kwa bidii, fungueni madirisha tu. Atatoka nje kuuliza majirani. Hapo hakuna mpambaji anayekusaidia, kama hamsalimiani na jirani anza kumsalimia mapema.

Nyumba za pembeni ya ziwa, picha ya machweo inauza haraka sana, ila shangazi mjanja atahesabu hatua mpaka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo baraza lako la kuangalia ziwa ambalo umetaka nilipambe kwa mito na taa linaweza kuwa ndio kinachofukuza mteja. Leta karatasi kwanza. Atauliza na hati, na atauliza mke au mume amekubali, sio umbea huo, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza.

Risiti za rangi na fundi tunzeni, ukiuza kwa faida TRA wana 10% yao kwenye hiyo faida kwa mkazi wa Tanzania, na gharama za ukarabati zenye ushahidi zinaingia kwenye hesabu.

Halafu vitu vya kukodi viandikwe. Wateja wananunua walichokiona kwenye picha, nimeshaitwa kwenye kesi ya pazia kwa mwenyekiti wa mtaa, mnunuzi anasema alinunua na pazia, muuzaji anasema pazia ni za dada wa mapambo, na dada mwenyewe ndio mimi nimekaa pale kwenye benchi. Saivi naomba mkataba wa mauzo useme kabisa: simtanki inabaki, feni na taa za dari zinabaki, makochi, kitanda, kioo na pazia zinaondoka kabla ya funguo kukabidhiwa, na shangazi naye anasaini kama shahidi.