Kabla Maji Hayajagusa Injini

Miaka mitatu iliyopita, nikitokea Morogoro, niliingiza gari langu, Toyota IST yenye injini ya cc 1298, kwenye sehemu moja ya kuoshea magari pembezoni mwa Dar es Salaam. Kijana aliyeshika mpira wa mashine ya presha aliniuliza, "Bosi, na injini tuipige maji?" Nikamwambia aipige. Injini ilikuwa bado na moto wa safari. Alinyunyiza dizeli kwanza, akasubiri dakika chache, kisha akaelekeza maji juu ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, kwenye alteneta inayochaji betri na kwenye kisanduku cha fyuzi bila kufunika chochote. Injini iling'aa kama mpya, lakini kabla sijafika Ubungo gari lilianza kumisi, yaani injini kukosa mlipuko na kukatakata, usukani ukatetemeka mikononi mwangu, na taa ya cheki injini ikawa inawaka na kuzima.

Fundi niliyemwita alifungua bolti ya namba 10 inayoshikilia koili ya pili, kifaa kinachoipa plagi umeme, akaivuta juu polepole, na ule mpira wake mrefu wa chini ukatoka ukidondosha maji. Akamulika shimo la plagi kwa tochi ya simu. Chini kabisa palikuwa na kidimbwi chenye rangi ya chai ya maziwa, na shingo nyeupe ya plagi ilikuwa imechomoza katikati yake. "Mzee, umeme wako unapotelea hapa," akaniambia. Katika injini za aina hii kila plagi hukaa ndani ya shimo refu, na koili yake huifunika kutoka juu. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea, na umeme uliotakiwa kuruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha mafuta hupata njia rahisi ya kukimbilia kwenye chuma cha injini kupitia maji hayo. Petroli isiyoungua hutoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi yaliyomo katika bomba la moshi, na masega hayo huharibika kwa joto. Ndiyo maana taa ile inapowaka na kuzima, dereva anapaswa kusimama. Mimi niliendelea kuendesha kwa karibu kilomita mbili zaidi, na hadi leo ninajutia kilomita hizo.

Tangu siku hiyo ninaisafisha injini mwenyewe, mara mbili kwa mwaka, na nimefikia msimamo ambao niko tayari kuutetea mbele ya yeyote: kusafisha injini ni kazi ya brashi na kitambaa, na maji huja mwishoni, tena kidogo. Ninasafisha ili nione. Vumbi la barabara za mitaa yetu ya Kimara likichanganyika na oili hutengeneza tabaka zito linaloficha sehemu inayovuja, linalozuia joto kutoka na linaloficha nyufa za mipira ya maji. Majani makavu yanayojikusanya chini ya kioo cha mbele ni hatari zaidi, kwa sababu yakidondokea karibu na bomba la moshi yanaweza kushika moto.

Huianza kazi hii asubuhi, kabla gari halijatembea. Huwasha injini kwa dakika tatu au nne tu ili grisi ilainike, kisha huizima na kuweka ufunguo mfukoni. Kipimo changu ni kiganja: nikiweza kukilaza juu ya tapeti kava bila kuungua, basi nina ruhusa ya kuendelea. Injini iliyotoka safarini ina sehemu zenye joto la nyuzi mamia kadhaa, hasa pale bomba la moshi linapoanzia, na chuma chenye joto hilo kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka au kupinda. Kifuniko cha rejeta nacho hakiguswi kabisa injini ikiwa moto, kwa sababu maji ya ndani huwa kwenye presha na yanaweza kumrukia mtu usoni.

Pete na saa huvua kabla ya kushika betri. Huanza na waya wa hasi, kwani spana ikigusa bodi ya gari wakati ninafungua chanya na hasi ikiwa bado imefungwa, cheche zake ni kubwa na hewa inayotoka kwenye betri inaweza kulipuka. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri huuondoa kwa kijiko kimoja cha baking soda katika kikombe cha maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani. Huchemka kidogo unapoguswa na mchanganyiko huo, dalili kwamba asidi inapoozwa, na huwa ninahakikisha tone halipenyi ndani ya betri kupitia vifuniko vyake.

Kinachofuata ni kufunika, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nchini Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ninahifadhi vifungashio vya mchele na vya unga, ninavipasua, na kuvifunga kwa glavu za mpira zilizokatwa vipande. Ninafunika alteneta, kisanduku cha fyuzi, koili zote nne, mdomo wa kuingizia hewa, kontrol boksi (kompyuta ya injini) kama iko karibu na injini, na soketi za sensa ninazoweza kuzifikia. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, na kifuniko cha oili huvikandamiza kuhakikisha vimekaa. Wapo wanaosema kwamba soketi hizo zina mipira ya kuzuia maji, na wanasema kweli. Lakini mipira hiyo ilitengenezwa kuzuia maji yanayorushwa na matairi siku ya mvua, nayo katika gari la mwaka 2004 imekaangwa na joto kwa miaka ishirini hadi ikakakamaa. Mashine ya presha husukuma maji kwa nguvu inayozidi baa 100. Hakuna mpira mzee unaoweza kuhimili hilo kwa karibu, na hata mapezi laini ya rejeta hulala kama nyasi yakipigwa.

Kuhusu dawa ya kusafishia, ninaomba tuachane na dizeli, mafuta ya taa na petroli. Mipira ya maji na mikanda huvimba na kulegea inapolowa mafuta hayo. Mvuke wa mafuta ya taa unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi za sentigredi, joto ambalo chini ya boneti la gari lililoegeshwa juani Februari hulipita bila injini kuwashwa, na petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi iliyo chini ya sifuri. Magadi makali ya kuzibulia mabomba nayo hula alumini, na sehemu kubwa ya injini hii ni alumini. Mimi hutumia sabuni ya maji ya vyombo, na penye grisi nzito hupaka dawa ya kuondoa grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini, huku nikiangalia isikauke kabla sijaisugua.

Ninasugua kwa brashi ya kupakia rangi iliyokatwa nywele hadi nusu, na kwenye pembe kwa mswaki, nikifuta kila mara kwa kitambaa. Nikikuta kiota cha panya, na nimewahi kukikuta, chenye vipande vya sponji na mfupa wa kuku, sikifagii kikiwa kikavu. Hukilowesha kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, nikiwa na glavu na barakoa, kisha nakagua waya zote za jirani kutafuta alama za meno. Suuza yangu ni ya chupa ya kupulizia, au mpira wa bomba uliofunguliwa kidogo kwa sehemu za chini tu. Chini ya gari hutandaza maranda ya fundi seremala ili yanywe mafuta yanayodondoka, kwa sababu mtaro wa mtaani kwetu huishia Mto Msimbazi, na Msimbazi huishia baharini.

Wenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, kama Prius na Aqua nawasihi wawe waangalifu kuliko mimi. Waya za rangi ya machungwa hubeba umeme unaozidi volti 100, uwezao kuua, na injini ya gari hizo inaweza kujiwasha yenyewe ikiwa gari limeachwa katika hali ya kuwa tayari kuondoka. Huko maji ya mpira yasikaribie. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Nikimaliza hufunua nailoni zote, huzihesabu nisije nikasahau moja karibu na mkanda, na huacha boneti wazi kwa saa nzima. Kisha hurudisha betri, chanya kwanza, na kuwasha injini dakika kumi nikiwa nimesimama pembeni nikisikiliza. Mvuke kidogo haunitishi. Ikimisi, huzima papo hapo na kuanza kutoa koili.

Mwezi uliopita, siku mbili baada ya kusafisha, nilifungua boneti na kukuta mstari mwembamba wa oili, wenye upana wa kijiti cha kiberiti, umeshuka kutoka kwenye ukingo wa tapeti kava upande wa mkanda. Juu ya alumini safi ulionekana wazi kama wino. Gasketi, mpira unaoziba ukingo huo, ilibadilishwa Jumamosi hiyohiyo, kabla oili haijaufikia mkanda.